Daftari la Masukulu

Masukulu,
Tukuyu.
9 Juni 2025

Mpendwa Debora,

Ndaga, rafiki yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Sisi tunapumua. Baridi imeshuka na maharage mengi yameoza shambani.

Msibani uliniuliza kwa nini kaka yako Ambilikile alizikwa na watu wachache vile. Nikakujibu kuwa ni mvua. Haikuwa mvua, Debora.

Unalikumbuka shamba la ujamaa kule bondeni, tulikopalilia tukiwa wasichana. Enzi zile za chama kimoja tulinyoosha mikono kwanza, ndipo tukaambiwa tumekubali nini. Mwaka juzi mwekezaji alipolitaka, Ambilikile alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Akaanzisha asasi ya wanakijiji, yeye mwenyekiti, mimi katibu. Kila Jumamosi alitufafanulia sheria ya ardhi kwa Kinyakyusa, ili hata bibi zetu waelewe kwamba shamba haliendi popote bila mkutano mkuu wa kijiji. Watu mia moja na kumi na wawili walisaini daftari la mahudhurio. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Mama Alinanuswe aliniambia kuwa tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa anataka nini.

Kisha tukaamka tukakuta uzio bondeni. Tulipokwenda kuuliza, mtendaji wa kijiji alitoa muhtasari wa mkutano ambao haukuwahi kufanyika. Nyuma yake zilibanwa karatasi za daftari letu, zenye kichwa kipya: waliokubali.

Watu walizitambua sahihi zao. Kila mtu alijua kwamba daftari lilikaa kwa mwenyekiti, wakasema ametuuza. Alipowaomba wasaini malalamiko, hakuna aliyeshika kalamu. Asasi ikafa. Migomba yake ilifyekwa. Hata majirani waliacha kumsalimia, mpaka presha ilipomchukua mwezi wa tatu.

Daftari nililitoa mimi.

Mtendaji alikuja nyumbani mchana, akaniuliza kwa upole kama Atupakisye wangu bado anataka nafasi ya kufundisha. Kisha akasema angependa kulikagua daftari kidogo tu. Nilijua halitarudi. Binti yangu anafundisha mpaka leo.

Kaka yako aliniuliza mara moja tu. Nilimtazama usoni nikasema sijui. Alijua nasema uongo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi daftari juma lile ninakili majina. Akaenda zake, na hakunitaja kwa mtu yeyote.

Nimemwomba mchungaji nafasi Jumapili baada ya ibada, niyaseme haya mbele ya wote. Ukitaka kuipeleka barua hii kwa wakili, ipeleke. Nimeona wewe unastahili kusikia kwanza.

Msalimie shemeji. Wasalimie na watoto, ila usiwaambie bado. Waache waniite mama mdogo mpaka utakapoamua vinginevyo.

Ni mimi,
Atuganile