Grisi Niliyoipaka Gari la Zablon

S.L.P. 27,
Ndhiwa.
Jumapili, 14 Mei 1995.

Mpendwa wifi yangu Nyamoita,

Pokea salamu nyingi, zimfikie na ndugu yangu Paul. Hamjambo huko Mombasa? Joto linawaacha mlale? Na goti lako je? Huku miili ni mizima, mahindi yamefika kiunoni. Moyo wangu tu ndio hauna raha.

Kwanza, lile gari limefika! Pikapu mpya, si mtumba, viti bado vina nailoni. Ndhiwa nzima hakuna mama mwingine aliyezaa kijana wa kununua kitu kama hicho, na kanisani nimewaambia mmoja mmoja, wasije wakasema hawakusikia.

Zablon alifuata yale aliyofundishwa na mjomba wake Paul. Gari likiwa bado jipya, fungua nati za magurudumu, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, kisha kaza. Usipofanya hivyo, maji ya samaki atakaowapeleka sokoni na matope ya huku yakikaa miaka miwili, nati inashikana na bolti mpaka ikatwe kwa msumeno. Hata vichwa vya betri alivipaka mafuta ya kujipaka. Ijumaa alipiga jeki, akaanza. Majirani wakaja kucheka: "Mama Zablon, kijana anabomoa gari hata wiki halijamaliza!" Niliwajibu waende kwanza wakaangalie kutu ya baiskeli zao.

Gurudumu la mwisho likiwa nje, akaitwa kula. Nikabaki na mkebe wa grisi. Wifi, unanijua, jembe langu haliingii ndani bila kupakwa mafuta. Nikaona pale ndani sahani ya chuma inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikaionea huruma, nikaipaka pande zote mbili mpaka mkebe ukaisha. Mvua ikaanza, Zablon akatoka mbio akarudisha gurudumu bila kuangalia.

Jana ilikuwa Sabato, gari halikutoka. Baada ya ibada nikajisifu kwa Ombati, yule fundi wa mashine ya kusaga, kwamba hata mimi nilisaidia. Ombati akaacha kucheka. "Yawa, mama! Hiyo sahani ndiyo breki. Ikiwa na grisi gari halisimami."

Zablon sikumwambia. Nyumba ilijaa wageni wa kuona gari, na mimi nilikuwa nimejisifu sana. Usingizi sikuupata.

Leo asubuhi Zablon alikuwa ampeleke mkewe Beverly kwa mama yake Homa Bay, akajifungulie karibu na hospitali. Ule mteremko wa kuingia mjini unaujua. Gari likanguruma. Nikamwona Beverly ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na mwingine ananipungia. Miguu ikanipeleka yenyewe, nikaketi matopeni mbele ya gurudumu.

Zablon akachungulia: "Mama, unaenda nasi ama unatuzuia?"

Nikasema yote.

Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Alizima gari, akaleta spana. Wifi, nati zilitoka kama kifuniko cha chupa! Mwambie Paul. Akaosha sahani kwa petroli, akasugua breki kwa msasa, akalijaribu gari mpaka langoni mara kumi huku Beverly akikaa na mimi. Ndipo wakaondoka.

Alisema atarudi saa nane. Sasa ni saa kumi. Kila honi barabarani natoka nje. Muulize Paul, petroli na msasa vinatosha kweli? Najua jibu litafika juma lijalo, lakini siwezi kukaa bila kuuliza mtu.

Wasalimie watoto wako Phanice na Jeff, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu Nyasaye awalinde nyote, kila mnapokwenda na kila mnaporudi.

Mimi wifi yako, nikupendaye tangu ulipoolewa kwetu,

Filister, Mama Zablon.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Zablon amerudi saa kumi na moja. Beverly alifika salama, na mama yake ndiye aliyemchelewesha Zablon kwa chakula. Gari linasimama. Ameniletea mkebe mdogo wa grisi, wangu mwenyewe, na juu ameandika kwa herufi kubwa: JEMBE.