27,719 na mmoja anayekosekana

Jumapili, Kasubi. Mvua ya tangu alfajiri imegeuza ua wetu kuwa tope, na mimi nimeshinda ndani nikijilaumu.

Hawa, binti wa dada yangu Saida, anakaa nasi tangu tulipomzika mama yake. Chakula anakula, akiulizwa anajibu, ila nje ya geti hataki kukanyaga. Shule ndiyo usiseme. Mama yangu, yaani bibi yake, anasema tumwache. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kumwacha mtu sijui.

Asubuhi nikamtafutia mchezo. Nikamwandikia 27,719, nikamwambia aigawe apendavyo. Naipenda namba hii kwa ukorofi wake. Tuseme ni watu: wapange wawili wawili, kundi la mwisho linapungukiwa na mmoja. Watatu watatu, vilevile. Wanne, watano, mpaka kumi na wawili, kila mara anakosekana mmoja. Sababu yenyewe nyepesi: ongeza moja upate 27,720, ambayo inagawanyika kwa zote hizo bila baki.

Nilikuwa nimenogewa na maelezo yangu. Yeye akaitazama karatasi.

"Anko, hii namba iko kama sisi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasema nakwenda kuangalia jiko, jiko ambalo hata moto halikuwa nao.

Hawa hakuitupa karatasi. Alijaribu kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, akapanda taratibu, na sasa baki zilikuwa za kila aina. Nilimchungulia mlangoni bila kuthubutu kumsaidia. Kusema kweli hata mimi jibu sikuwa nalo. Miaka yote huwa naishia kumi na mbili, palipo na utamu.

Wakati wa chakula cha mchana akaja nalo. Hamsini na tatu. Makundi mia tano ishirini na matatu, kila kundi watu hamsini na watatu, na hakuna anayekosekana. Nikazidisha mwenyewe kuhakikisha. Ni kweli.

"Lakini watu hamsini na tatu tutatoa wapi?" akauliza. Hakuwa anatania.

Mama alikuwa anachagua mchele, wala hakuinua kichwa. "Wewe unauliza watu? Jumamosi si arobaini ya mama yako? Hii mtaa yote inakuja. Mimi nalia na sinia, haitoshi."

Hawa akauliza ni nani mtaani mwenye masinia makubwa. Mama akamtajia jirani wa ng'ambo ya barabara. Mvua ilikuwa imepungua. Akavaa kandambili za bibi yake, akafungua geti mwenyewe, akaenda.

Geti lilipofungwa, Mama akaweka ungo chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikaa kando yake. Nikamwacha alie.