Siku Niliyokataa Kuitetea Hukumu

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Wifi hajambo, na yule mwanenu, Bwana Maswali? Sisi wazima, ila goti la Mama linalalamika kuliko mwenyewe, nami nina uchovu usioisha kwa kulala.

Kile cheo nilichokuwa nakisubiri sikukipata. Amepewa jirani yangu wa ofisini, yule anayecheka kabla mkuu hajamaliza utani wake. Usiseme "nilikuambia" kabla hujanisikiliza.

Wiki iliyopita nilitumwa mahakamani kupinga rufaa ya fundi viatu aliyefungwa miaka mingi kwa unyang'anyi. Nilipousoma mwenendo wa kesi yake, damu ilinichemka. Shahidi mmoja tu, gizani, anakimbia kuokoa roho yake, na bado eti alimtambua vizuri! Upuuzi mtupu. Nikasimama: "Waheshimiwa majaji, serikali haiungi mkono hukumu hii." Wakamwachia siku ile ile.

Mkuu aliniita hata joho sijavua.

"Dada, hivi wewe ni wakili wa nani?"

"Wa serikali, mkuu. Nayo inapata nini kwa kumfunga asiye na kosa?"

Akasema cheo nimekipiga teke mwenyewe.

Mama naye akauliza, "Kwa hiyo lile gari lenye dereva haliji?"

"Haliji, Mama."

"Basi goti na lizoee basi." Tulicheka, lakini aliingia kulala mapema.

Kilichonichosha si cheo. Nilikutana na yule fundi kwenye korido, nikampa mkono nikitegemea shukrani, sikufichi. Akaushika, akanitazama. "Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Mimi, mdomo wote huu, nikajikuta namwonyesha mlango wa kutokea. Nilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la pili kutoka hapo, nabishana na watu kuhusu haki.

Najua utaniambia tena niache kazi, nifungue ofisi yangu. Nimechoka kiasi cha kukubali. Lakini kesho kuna rufaa nyingine, ya mama mmoja mshona nguo, na nikiondoka anapewa yule mchekaji. Siachi. Wakinitaka nje, wanibebe na kiti changu.

Msalimie wifi, na Bwana Maswali mwambie shangazi yake naye ameulizwa swali likamshinda. Shemeji na watoto wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Nikupendaye hata ukinibishia,
Dada yako