Sukari Mara Mbili

Cheongju, 9 Machi 2008

Mama Darin,

Hamjambo huko? Mmekula? Mimi mzima, ila baridi ya huku inang'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Natumaini kifua cha Darin kimepoa. Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, ili mtoto asisahau kusoma maandishi ya kwao.

Nina habari, usicheke. Napika bia. Amenifundisha Bwana Ma wa kiwandani, ambaye naye mkewe na wanawe wako ng'ambo kwa masomo kama nyinyi. Wenzetu wanatuita mabata bukini, eti kazi yetu ni kuruka mbali kwenda kutazama makinda. Ndoo ya kimea na hamira ilikaa bafuni hadi povu likatulia. Jana nimeyeyusha sukari, nikaichanganya humo, nikajaza chupa na kuzigonga vizibo. Sasa nasubiri gesi.

Mkija Desemba mtanikuta fundi.

Baba Darin


Hamilton, 2 Aprili 2008

Baba Darin,

Sisi wazima, kifua cha Darin kimepona. Wewe je, mgongo haukusumbui?

Yaani mtu aliyeunguza sufuria ya maji matupu leo anapika bia. Nimecheka hadi mwenye nyumba akaja kuuliza kulikoni. Lakini sukari ya nini? Unatengeneza bia au soda? Darin anauliza kama ataonja. Nimemwambia atapewa chupa aoshe.

Amerefuka. Juzi aliongea usingizini, Kiingereza kitupu. Nilikaa kando ya kitanda nikingoja aseme hata neno moja la kwetu. Hakusema.

Kula mboga, nakujua.

Mama Darin


Cheongju, 27 Aprili 2008

Mama Darin,

Salamu nyingi. Mgongo upo, unanikumbusha umri.

Ile sukari si ya mnywaji, ni ya hamira. Chupa ikishafungwa, hamira iliyobaki inaila, gesi inakosa pa kutokea, inajificha ndani ya bia. Utamu unakwisha wote. Ukitia kidogo mno, bia inalala. Ukizidisha, chupa inapasuka.

Ya kwanza nimeifungua na Bibi Pyo wa ghorofa ya chini. Akanywa, akapangusa mdomo, akasema, "Si mbaya. Ila bia hainywewi pamoja na kikongwe wa jirani. Mkeo yuko wapi?"

Hamira inataka joto. Nimezima mabomba ya kupasha sakafu joto vyumba vyote, nikaacha cha Darin tu. Chupa zinalala humo, nami nalala humo. Mwezi wa tisa nitapika ya kwenu, tuifungue pamoja.

Baba Darin


Hamilton, 14 Septemba 2008

Baba Darin,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Leo ni Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno na ya kuwakumbuka wafu, na sikupata hata unga wa mchele wa keki zake. Umeenda kaburini kwa baba yako? Mama yako amekupikia?

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana. Hatutakuja Desemba. Darin amechaguliwa timu ya kupiga makasia, mazoezi ni likizo nzima, na amelia kuomba abaki. Nami nimepata kazi kwenye duka la mikate. Naipenda. Sijui nikuelezeje. Usikasirike.

Mama Darin


Hamilton, 6 Novemba 2008

Baba Darin,

U mzima? Barua haiji. Jumapili nikipiga simu unasema "niko sawa, nina kazi", unakata. Kama umekasirika, nitukane, lakini usininyamazie. Darin anachungulia sanduku la barua kila akitoka shule na kujifanya anatafuta kitu kingine.

Mama Darin


Cheongju, 20 Novemba 2008

Mama Darin,

Nipo, namshukuru Mungu. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Barua yako ilifika siku niliyokuwa najaza chupa zenu. Sukari nilikuwa nimeshaichanganya kwenye ndoo. Nikaketi nikasoma, nikasoma tena. Niliporudi kwenye kazi nikatia sukari nyingine, kijiko kwa kila chupa. Sikujua nilichofanya. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, nainua kreti, zikalipuka. Kioo kimekata mshipa wa kidole gumba cha kulia. Bibi Pyo alidhani ni vita. Alipanda ngazi na viatu vya ndani, akanifunga taulo, akanitukana mpaka hospitali: "Mwanaume mzima unalala na chupa, unakufa na chupa." Alilia, yule bibi.

Sikukasirika. Niliona aibu kukwambia. Nilikuwa nimeitegemea sana hiyo Desemba.

Daktari amenipa mapumziko hadi mwisho wa Januari. Siwaombi mrudi. Mwache mtoto apige makasia, nawe usiache kazi yako. Naomba jambo moja: kama sitawabana, nije mimi.

Baba Darin


Hamilton, 5 Desemba 2008

Baba Darin,

Pole. Pole kwa mkono, pole kwa yote.

Nilimsomea Darin barua yako. Alitoka nje. Aliporudi alisema kwa lugha yetu, polepole, akiyatafuta maneno: "Mama, kwa nini hatukumwambia aje yeye?"

Mtoto nilimwambia akalale. Wewe nitakujibu. Niliogopa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiandaa meza naweka na vijiti vyako vya kulia, halafu navirudisha. Siku hizi siviweki, na sikumbuki niliacha lini. Nilipoligundua hilo, lilinitisha kuliko upweke. Ndiyo maana nilikaa kimya miezi ile. Si kwamba sikukutamani. Nilikuwa nazoea.

Usilete kitu. Njoo, kabla sijazoea kabisa.

Mkeo