Jiwe Ambalo Jibu Lake Tunalijua

Dada yangu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, nakula na kulala kama kawaida, ila kikohozi cha vumbi hakijaniacha.

Umeuliza ni kazi gani hii iliyoninyima hata nafasi ya kuja kumzika mama. Tunatoboa mawe ya chokaa, ambayo zamani sana yalikuwa matope ya bahari, kwa keekee ndogo kama ya daktari wa meno. Unga wake tunautia kwenye mashine inayopima kaboni nyepesi na kaboni nzito. Tukilinganisha jiwe la kilindini na la ufukweni, tunajua kama maji ya juu na ya chini yalikuwa yakichanganyika, au bahari ilituama tu.

Kila asubuhi tunaanza na jiwe ambalo jibu lake tunalijua, ili kuikagua mashine. Mara moja inatosha. Tangu mama afariki nalipima hata mara ishirini na sita kwa siku, na jibu ni lile lile. Jana mkuu wangu alikuja akasimama nyuma yangu. "Ndugu yangu, mashine haina tatizo. Nenda nyumbani." Nikamwambia niko sawa, nikatia unga mwingine.

Sweta ya mama mpe shangazi, baridi inamsumbua.

Jambo moja tu, dada. Siku ile simu yako ilipoita mara ya kwanza, nilikuwa katikati ya kutoboa, nikaikata. Niambie bila kunionea huruma: simu hiyo alikuwa ameishika mama, akitaka kusema nami?

Mdogo wako