Yasinta Alivyoiamkia Bendera

Mama, shikamoo.

Sisi huku Majengo hatujambo. Baba nimemchukua, anakaa hapa kwangu, hajambo ila baridi inamsumbua magoti, na uji wangu anasema hauna ulezi wa kutosha. Baba Yasinta hajambo, yuko Mollo anapalilia mahindi. Mdogo wangu Devota hajambo, mimba imekua. Yasinta, mjukuu wako uliyemlea kule Mwazye, mwili ni mzima. Ni huyo aliyenishikisha kalamu.

Mama, tumemwandikisha darasa la kwanza. Siku ya kwanza mstarini mwalimu aliwaambia watoto kuwa bendera ni kubwa kuliko yeye, kuliko hata mwalimu mkuu, ikipanda waiheshimu. Basi ikapanda. Wenzake wakasimama wima. Yasinta akachuchumaa, akainamisha kichwa, akaipigia yale makofi ya polepole, kama ulivyomfundisha kuamkia wazee. Shule nzima ikacheka. Mpaka leo wanamtania njiani: "We Yasinta, bendera imekuitikia marahaba?"

Akagoma kwenda shule. Na kuamkia watu akaacha. Asubuhi Baba anamsubiri, mtoto anampita tu kama hakumwona. Mama, roho iliniuma. Uliniachia mtoto mwenye adabu, sasa watasema mjini nimemharibu.

Nikaenda shuleni. Unanijua mimi na darasa langu la tatu, ofisini hata kiti nakaa ukingoni. Nilijua nitagombezwa. Kumbe mwalimu ni binti mdogo tu, ametoka Tanga. Akaniambia, "Mama Yasinta, kosa ni langu. Niliwaambia waheshimu, sikuwaonyesha vipi. Mwanao alitoa heshima kubwa kuliko zote anazozijua."

Kesho yake nikampeleka Yasinta mimi mwenyewe, nikakaa nje chini ya dirisha la darasa. Mwalimu akawaambia, bendera tunaisimamia wima, watu tunawaamkia, na kila nyumba ina namna yake. Mtoto wa mwenye duka la jirani, wale Waislamu, akaonyesha wanavyombusu bibi yao mkono. Hakuna aliyecheka. Ilipofika zamu ya Yasinta, akakataa kuinuka. Namwita pale dirishani, "Inuka mama," haniangalii.

Mwalimu akatoka nje. "Basi Ijumaa njoo uwaonyeshe wewe." Nikamwambia mimi sina elimu. Akacheka: "Kwani kuamkia kunataka cheti?"

Nimekubali, mama. Najizoeza hapa jikoni, Devota anakufa kwa kicheko, anasema nachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga.

Ila nimekwama. Mtoto akimkuta babu yake amekaa na mgeni, anaanza na nani? Wewe ulikuwa unanisukuma tu begani, naenda ulikonisukumia. Sikuwahi kuuliza. Nimemuuliza Baba, kasema, "Mambo hayo alikuwa anayajua mama yako." Sasa wale watoto wataniuliza, watoto wanauliza kila kitu. Nikibabaika wakacheka, Yasinta hatamchuchumalia mtu tena, hata babu yake.

Pumzika kwa amani, mama yangu. Nakuahidi nitawaonyesha kama ulivyonionyesha, bila kuongeza langu. Lakini hilo moja nijibu upesi, hata kwa ndoto. Ijumaa ni keshokutwa.

Mwanao,
Mama Yasinta