Shati Bila Kipimo

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na ile cherehani mbovu imepona. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema binti yako akishika mkia tena, unakuja kumtoa shule akafanye kazi za ndani. Sikufichi: ameshika mkia. Mwalimu anasema kichwa chake kizito.

Lakini nisikilize. Mwezi uliopita nilikuwa nakata gauni la bibi harusi kwa vipimo nilivyoandika mwenyewe. Mtoto akaniambia, “Shangazi, yule bega lake la kushoto limeshuka.” Nikamzaba kofi. Fundi wa miaka ishirini nifundishwe na mtoto! Bibi harusi alipokuja kulijaribu, gauni likakaa upande, akaangua kilio. Mwanao akalifumua, akaliweka sawa bila kugusa tepu.

Lile kofi bado sijamwomba radhi. Nashindwa nianzie wapi.

Shati lililomo kwenye bahasha hii amekukatia yeye. Vipimo vyako hatuna, na mara ya mwisho kukuona ni mwaka juzi, ulipoketi hapa ukanywa chai ukaondoka. Livae kwanza. Likikubana popote, njoo umchukue.

Mdogo wako,
Fundi